Gereji ya Kaka

Kaka yangu anaishi Dar es Salaam, lakini magari yake mawili ya kizamani aliyaleta kijijini Uru, huku mlimani, kwa mama, kwa sababu chumvi ya pwani inakula bodi. Akayajengea gereji yenye dari na vigae, akaweka feni ya joto la Januari na hita ya umeme kwa baridi ya Julai.

Mlinzi wa hayo yote alikuwa mama. Kila asubuhi alitoka kwenye nyumba ya mbao tulimozaliwa, akapita migombani kwenda kuwasha au kuzima. Wakati wa masika alikinga maji ya paa lake kwa sufuria, kisha akaenda kuangalia kama magari yamepata unyevu. Nilipomwambia kaka nyumba ya mama inavuja, alisema tutaongea Desemba tukipanda wote nyumbani. Desemba tulipanda, tukachinja mbuzi, wageni wakayasifu magari, tukashuka.

Mama alifariki mwezi wa saba, kwa kifua. Siku ya maziko manyunyu hayakukatika na turubai lilivuja. Baba mdogo akamwambia kaka atoe magari, jeneza liwekwe gereji. Kaka akauliza kama hatuwezi kusubiri mvua ipungue. Vijana wakayasukuma nje, nasi tukamwingiza mama.

Ndani kulikuwa na joto zuri. Hita ilikuwa bado inawaka, kama alivyoiacha siku tuliyompeleka hospitali.