Broka Wangu wa Bima Amekuja kwa Mtumbwi

Mashine yangu ya kusaga unga ilizama Jumatatu alfajiri, hapa Wema, mvua hizi za El Niño zilipoupandisha mto.

Leo broka wangu wa bima amefika. Kwa mtumbwi, na tai shingoni.

Jamani, palikuwa kama ndotoni. Maji yametulia, mawingu yanaelea juu yake, na pale wateja walipokuwa wakipanga foleni na madebe yao, mayungiyungi yanapita taratibu. Hata mimi nilisahau kulia.

Broka akaniuliza, "Mama Hawa, mashine iko wapi?"

Komora, mwenye mtumbwi, akateremsha pondo lake la kusukumia majini. Likagonga paa la bati la kibanda cha mashine. "Umeikalia, bwana."

"Sisi lazima tuione namba yake."

"Basi vua tai uzame," Komora akamwambia. "Mamba wameshakula."

Sikucheka. Nilikuwa bado kwenye ile "sisi".

Huyu nilimfuata mwenyewe hadi Malindi ili anisemee kwa kampuni. Leo anaisemea kampuni kwangu.

Analala Garsen. Mlio huko mfikishieni ujumbe: kesho saa sita mchana nitakuwa hapo Garsen, na kabla hajaondoka, anijibu mbele ya watu. Wewe ni broka wangu, au wa kampuni?