Nilivyoharibu Posa Yangu kwa Seli za Nzi

Wewe unayenisikiliza, cheka taratibu, aibu hii bado ya moto. Kwetu Bagamoyo anayeoa haendi kuposa, anamtuma mshenga. Mimi nikaona nijifanye dereva, nimpeleke mshenga wangu Mzee Shomari kwa kina Mwanaidi, nikae mlangoni, nisikie kwa masikio yangu kama nimekubaliwa.

Mambo yalikwenda vizuri, shikamoo zikaitikiwa, kahawa ikamiminwa, mpaka baba yake Mwanaidi akauliza, "Huyo kijana wenu anafanya kazi gani?"

"Anafuga nzi," akajibu Mzee Shomari, bila wasiwasi.

Nyuma ya pazia shangazi mmoja akaangua kicheko. "Mwanaidi we, kanunue kawa za kufunikia chakula!"

Ningenyamaza hapo, yangeishia hapo. Lakini mimi ni mtu wa kueleza (wanafunzi wangu wa maabara wananijua), nikajikuta nimeshavuta sahani ya tende.

"Samahani, baba, si kufuga, ni kuchunguza. Chukulia tende hizi ni seli za kiinitete cha nzi, ndiyo kwanza kinaanza. Nyingi zinaanza kunakili maagizo ya jeni zake, hii inakuwa msuli, hii utumbo. Hizi chache za mwisho wa yai hazifanyi hivyo. Kuna protini, na mama nzi ndiye aliyeacha ndani ya yai maagizo ya kuitengeneza, inazuia jeni za seli hizi zisinakiliwe mapema, seli zisije zikageuka kitu kingine, maana hizi ndizo zitakazotoa mayai na mbegu za kiume."

Mbegu za kiume. Mbele ya baba mkwe. Mzee Shomari akavua kofia akajifunika uso.

"Na kizuizi kikiondolewa?" baba akauliza.

Swali zuri mno! Nikafurahi, nikasogea hadi katikati ya mkeka. "Seli hizo hupotea, baba. Nzi anaweza kukosa kizazi."

Baba akaisogeza sahani ya tende mbali nami. "Wewe si dereva."

"Si dereva, baba."

"Shomari, mrudishe mwenzio nyumbani. Posa hatujaipokea."

Mwanaidi hakupokea simu yangu wiki mbili. Baada ya miezi mitatu Mzee Shomari alikwenda tena, peke yake, tukakubaliwa.

Kwa hiyo nawe ukitaka kuposa, mkalishe mshenga wako siku mbili kabla, mweleze kazi yako polepole, mwambie airudie mpaka aipatie, kisha siku yenyewe baki nyumbani.