Hema Chini ya Mikorosho ya Mama

Sina ugomvi na mtu anayelala kwenye hema. Nalisema hili mapema kwa sababu wanaonijua wanadhani nachukia starehe za watu. Mtu akitaka kuacha kitanda chake Dar es Salaam, asafiri kutwa nzima aje kulala chini huku kwetu Ruangwa asikilize bundi, hiyo ni likizo yake, Mungu ampe usingizi mwema. Ugomvi wangu ni na mdogo wangu. Ninaandika nikiwa bado na hasira, maana nimeisubiri ipoe na haijapoa.

Kwa mama tuko wawili tu. Mimi ninafundisha shule ya msingi Nachingwea. Yeye alibaki Dar baada ya chuo, akahangaika na kazi hii na ile, halafu akaingia kwenye shughuli ya kuwapeleka watu wa mjini kupiga kambi. Alianza na fukwe, kuanzia Kilwa mpaka Mtwara, kisha akawa anawaleta wateja wake huku bara. Nilikuwa naona picha zake kwenye simu: gari refu lenye hema juu ya paa, nyuma limefunga trela ambalo ukilifungua linakuwa jiko zima na makabati yake, watu wamekaa kwenye viti vya kukunja, vikombe mkononi, wanatazama vilima. Nilifurahi. Niliwaonyesha walimu wenzangu ofisini: huyu ndiye mdogo wangu, mwoneni.

Mama anaishi Likunja, kwenye shamba la mikorosho aliloachiwa na marehemu baba. Shamba limekaa mteremkoni. Ukisimama upande wa juu asubuhi unaona ukungu umejaa bondeni kama maziwa kwenye bakuli, na vilima vinajitokeza kimoja kimoja kadiri jua linavyopanda. Ni pazuri. Sisi wenye shamba hatukuwahi kupaita pazuri, kwa sababu saa hizo tulikuwa tumeinama.

Kila likizo ya katikati ya mwaka ninakwenda kumsaidia. Ufuta unakuwa umeshakatwa na mikorosho inaanza kutoa maua, kwa hiyo lazima ipuliziwe salfa, ile dawa ya unga wa njano. Asiyelima korosho aelewe jambo moja tu: maua hayasubiri mtu. Ukichelewa kupuliza, ugonjwa wa ubwiri unga unayavamia, yanakuwa meupe kana kwamba mtu kayamwagia unga wa muhogo, yanakauka, na kwenye tawi lile unasahau korosho mpaka mwaka unaofuata.

Mwaka ninaousema nilikuwa nafunga begi pale mama aliponipigia simu.

"Usije wiki hii," akasema. "Njoo wiki ijayo."

"Kwa nini, mama? Salfa je?"

"Kuna wageni."

"Wageni gani?"

"Mtandao unakata," akasema, na simu ikakatwa. Mtandao haukuwa unakata. Nilikuwa nasikia hata kuku wake wakiparua. Mama yangu hajui kudanganya, na anapojaribu, ujue kuna mtu kamfundisha. Kesho yake nikapanda gari la Ruangwa, na kutoka pale nikachukua bodaboda.

Nilipoingia uwanjani nilidhani tumeibiwa. Paneli ya sola haikuwepo juu ya bati. Viti vya plastiki vya bluu, ambavyo mama huviosha kila Ijumaa na kuvipanga barazani, havikuwepo. Nikaingia ndani. Vyote vilikuwa vimerundikwa chumbani, vimefunikwa mkeka, pamoja na redio. Ukutani, pale palipotundikwa picha ya mdogo wangu amevaa joho siku ya mahafali yake, palibaki msumari.

Mama alikuwa jikoni anapuliza moto. Alikuwa amevaa kanga iliyopauka, ile anayoendea shambani, wakati nilimshonea vitenge viwili sikukuu iliyopita.

"Shikamoo, mama. Kumetokea nini humu?"

Aliitikia bila kuinua macho. "Wageni wanapenda pawe pa zamani," akasema.

"Wageni wa nani?"

Akachochea kuni ambazo tayari zilikuwa zinawaka. Ndipo akanieleza, kidogo kidogo. Mdogo wangu amekuja na watu wanne, wanakaa juu kule kwenye mikorosho. Yeye ndiye aliyeondoa sola na viti. Yeye ndiye aliyeishusha picha.

"Sasa sikiliza," mama akaniambia, na safari hii akanitazama. "Ukipanda kule usimsemeshe kama ndugu yako. Wenzake hawajui."

"Hawajui nini?"

"Kwamba hapa ni kwao."

Niliuliza tena, maana nilidhani sikusikia. Akarudia vilevile. Mwanawe alikuwa amewaambia wateja wake kwamba yeye ni mtoto wa Dar, kwamba amezunguka Kusini nzima akitafuta sehemu ambazo hakuna anayezijua, na hapa alipagundua mwenyewe, kwa bibi mmoja mwenyeji mkarimu. Bibi mmoja mwenyeji mkarimu alikuwa mama yetu.

"Na wewe ukakubali?"

"Aliniomba," mama akasema. "Ni kazi yake. Mimi nitapungukiwa nini?"

Chakula kilipoiva nikabeba mimi sufuria ya ugali, mama akabeba kisamvu, tukapanda. Ninakiri kambi ilipendeza. Gari lilikuwa limeegeshwa kwenye kivuli, hema lake limefunguka juu ya paa na ngazi yake imeshuka. Mahema mengine mawili yalisimama katikati ya mikorosho, kamba za taa ndogo zimepita tawi hadi tawi. Chini palikuwa pamefagiliwa mpaka mchanga umechorwa mistari ya ufagio. Niliifahamu mistari ile. Aliyefagia alikuwa mama.

Mdogo wangu alikuwa ameinama kwenye jiko la trela. Aliponiona alisimama, akashika ukingo wa kabati. Kisha akatabasamu, lile tabasamu la kwenye picha za simu.

"Karibu, dada," akasema.

Dada. Neno hilo anaitwa muuza mchicha, anaitwa kila mwanamke barabarani. Alilitumia mbele yao bila kusema uongo, na mimi nilimwona akijipongeza.

Wale wageni, nitasema haki, walikuwa watu wa adabu. Walikuwa wanaume wawili na wanawake wawili. Mmoja wa wanawake, aliyevaa miwani, aliinuka kunipokea sufuria, akaniuliza kama mimi ni jirani wa bibi. Kabla sijajibu, mwanamume mmoja akasema kwa furaha, "Afadhali leo hewa ni safi. Juzi tulipofika walikuwa wanapuliza sijui dawa gani, vumbi la njano tupu, tukakohoa wote. Tukamwambia kiongozi wetu, akaongea na bibi, bibi akazuia mpaka tuondoke. Kwa kweli tunashukuru sana, bibi."

Mama akaitikia, "Haya, haya."

Nikainua macho. Mikorosho ya upande ule, ile mikubwa, mama wa mingine yote, ilikuwa imejaa maua. Nikavuta tawi moja chini. Kwenye maua machanga unga ulikuwa umeshaanza.

Nikamtazama mdogo wangu. Alikulia chini ya miti hii. Ada ya shule yake ilitoka kwenye maua haya haya. Alijua. Hakuna mtu pale aliyejua zaidi yake, isipokuwa mama, na mama alikuwa ameombwa.

Hata hapo nilijizuia. Naapa nilijizuia. Niliachia tawi, nikaanza kupakua. Ndipo mama, wakati anamwekea mwanawe mboga, akajisahau. Au hakujisahau, sijui. Alimsemesha kwa Kimwera, taratibu, kama mtu anavyomsemesha mwanawe. Alimuuliza kama kifua kimepata nafuu, maana usiku alimsikia akikohoa.

Mdogo wangu akacheka, akawageukia wenzake. "Bibi anasemaje sijui. Lugha za huku ni ngumu!"

Nao wakacheka, kwa upole, bila ubaya wowote. Mama naye akacheka. Ni kicheko kile cha mama kilichonimaliza.

"Anakuuliza kifua chako," nikasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Anakuuliza kama kimepona, kwa sababu jana usiku ulikohoa na akakusikia akiwa kule chini nyumbani. Anakuuliza kwa lugha uliyoanza nayo kusema. Huielewi leo? Lini umeisahau?"

"Dada, tafadhali," akasema.

"Usiniite dada kama unavyowaita watu wa sokoni! Niite dada kama ulivyoniita nilipokubeba mgongoni kutoka hapa mpaka zahanati!" Nikawageukia wageni. "Huyu si mtu aliyepagundua hapa. Hapa pamemzaa. Huyu mnayemwita bibi ni mama yake mzazi. Ameshusha picha yake mwenyewe ukutani ili msimwone. Na hii mikorosho mnayolala chini yake inaumwa sasa hivi, kwa sababu alimzuia mama yake asiitibu, msije mkapata mafua!"

Jiko la gesi lilikuwa bado linawaka chini ya birika. Yule mwanamke wa miwani alimtazama mdogo wangu, akamtazama mama, kisha akavua kofia yake. Akaenda akapiga magoti mbele ya mama pale mchangani.

"Shikamoo, mama," akasema. "Tusamehe. Hatukujua."

"Marahaba, mwanangu. Inuka, utachafuka," mama akasema. Kisha akashika sufuria yake iliyobaki nusu, akateremka nyumbani peke yake, bila kunitazama.

Mdogo wangu alinifuata hadi kwenye mpaka wa shamba. Nilitegemea ataomba radhi.

"Umeniua," akasema. "Unajua nimehangaika kiasi gani kuwapata hawa?"

"Na ungewaambia ukweli ungepungukiwa nini?"

"Dada, nani atatoka Dar kuja kulala kwa mama yangu? Watu wanataka sehemu. Wanataka kugundua. Kwa mama ya mtu huendi likizo, unaenda kusalimia." Alisema hivyo kwa utulivu, kama ananifundisha, mimi niliyemfundisha kusoma. "Na mama alikubali. Hukumuuliza hata yeye kama anataka uyaseme yale."

Nilimgeuzia mgongo nikateremka. Maneno hayo ninayo mpaka leo, na ndiyo sababu mojawapo inayonifanya nikasirike.

Asubuhi waliondoka. Walikunja mahema, wakafunga trela, wakafukia majivu. Yule mwanamke wa miwani alikuja nyumbani kuaga, akaingia ndani, akakaa kwenye mkeka, akaongea na mama kwa muda. Mdogo wangu alibaki nje kwenye gari, injini inaunguruma. Mama alimpelekea karanga za njiani kwenye kifuko. Alizipokea kupitia dirishani.

Walipoishia barabarani, niliingia chumbani nikavitoa viti, nikavirudisha barazani. Nikatafuta nyundo nipande juu kurudisha sola. Mama akaninyang'anya ile nyundo.

"Nani alikutuma?" akauliza. Sijawahi kumwona amekasirika vile, hata siku ya msiba wa baba. "Mimi ndiye niliyeitwa bibi. Wewe inakuuma nini? Nilikuwa naye hapa siku nne. Siku nne namwona anakula, namsikia anacheka. Kwa jina la bibi au jina gani, alikuwa hapa. Wewe umemfukuza."

"Mama, alikukana mbele ya watu!"

"Na wewe umenianika mbele ya watu. Nani kanidhalilisha zaidi?"

Tulitafuta mtu wa bomba la kupulizia dawa siku ile ile, akaja jioni akapuliza shamba zima. Vumbi la njano likatanda mpaka kwenye alama za mchangani palipokuwa na mahema. Tulifanya kazi pamoja, mimi na mama, bila kusemezana zaidi ya "shika hapa" na "sogea". Sehemu nyingine za shamba zilipona. Ile mikubwa ya juu haikupona. Maua yake yalikuwa meusi ndani ya wiki chache, na msimu wa kuokota ulipofika, watu waliinama kila upande isipokuwa ule. Nilipomwonyesha mama, alisema ni mwaka tu, kuna miaka miti huchoka. Yeye, aliyelima korosho maisha yake yote, aliniambia mimi miti huchoka.

Mdogo wangu bado anafanya ile shughuli. Nimefuta namba yake lakini walimu wenzangu wananionyesha picha zake, wakidhani wananifurahisha. Wanasema nisamehe, damu nzito. Shehe mmoja wa hapa Nachingwea naye aliniambia hivyo hivyo, kwamba kukata undugu ni dhambi. Nilimwambia sikukata mimi. Akasema, "Basi wewe unga." Nilikwenda nyumbani nikapika nikala, sikuunga kitu.

Idd iliyopita mdogo wangu alikwenda Likunja. Hakuwa na gari wala wateja, alikwenda kwa basi. Mama alinipigia simu siku hiyo hiyo. Alimchinjia jogoo, akaniambia. Mwanawe alilala ndani, kwenye kitanda chake cha zamani. Walikaa barazani wakaongea Kimwera mpaka wakachoka.

"Amekuomba radhi?" nikamuuliza.

"Amekula sahani mbili," mama akasema. Furaha ilimjaa mpaka kooni, nikaisikia.

Nikamwambia vizuri, mama, Idd njema. Simu ilipokatika nikachukua ufagio, nikaanza kufagia uwanja wangu, ambao nilikuwa nimeshaufagia asubuhi.