Baba Mkubwa Anataka Nidanganye Kompyuta Ndipo Aniozeshe

Msomaji huyu ametuomba tufiche jina lake. Msomeni mpaka mwisho kabla ya kumhukumu.

Habari admin, habari zenu wote. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na saba, naishi Lubumbashi, ni mhandisi wa ujenzi. Baba yangu alifariki nikiwa shule ya msingi, kwa hiyo kaka yake, baba mkubwa, ndiye anayesimama mahali pake. Kwetu, asipoketi yeye kupokea mahari, hakuna ndoa. Na hilo analijua vizuri mno.

Baba mkubwa ana nyumba hapa mjini, mtaa wa Ruashi, wanakaa wapangaji. Sasa anataka kupandisha ghorofa, na sherehe yangu ifanyikie huko juu, watu waone. Akaniomba nimfanyie hesabu na kusaini ramani. Jamani, nilifurahi. Nilipokwenda kupima nguzo nikakuta ni nyembamba, sawasawa na upana wa tofali. Fundi alizimwaga hivyo kwa amri yake mwenyewe, maana hapendi nguzo zitokeze sebuleni na kusumbua makochi.

Nikaingiza vipimo kwenye programu ya kukokotoa nguzo za zege. Inachora mstari uliopinda, na mzigo unaonekana kama nukta. Nukta ikiwa ndani ya mstari, nguzo inabeba. Yetu ilikuwa nje, mbali kabisa. Nikajaribu hata zege bora kuliko lile alilomwaga, bado. Nikamweleza kwa heshima kwamba kwanza tuzinenepeshe nguzo kwa vyuma na zege jipya. Akakataa, kisa sebule.

Akasogeza kiti, akatazama kioo cha kompyuta, akasema polepole, "Mwana yangu, andika trente. Nani ataingia mu mur kupima?" Yaani niandike kwamba nguzo zina sentimita thelathini, maana zimefichwa ndani ya ukuta.

"Papa, ordinateur itakubali," nikamjibu. "Poto njo haitakubali." Yaani kompyuta itakubali uongo, nguzo ndiyo haitakubali.

Tangu siku hiyo anasema masomo yamenivimbisha kichwa, na nisiposaini hataketi na wakwe. Mashangazi wananipigia simu kwa zamu: mwanamke anakubali, anaolewa, mengine anaachiwa Mungu. Mchumba wangu anasema uamuzi ni wangu, lakini kwao wameanza kuuliza. Imeniuma, siwafichi. Nililia, nikanawa uso, nikaenda Ruashi kuwaambia wapangaji ukweli wote mlango kwa mlango.

Sasa nishaurini, ila si juu ya saini. Saini sitoi, hata nizeekee kwa mama. Mama huyo amenilea peke yake kwa kuuza samaki wakavu wa Kilwa, ile yetu ya ziwani, si ya pwani, na amesema yuko tayari kuketi yeye apokee mahari yangu. Ukoo unasema mwanamke hapokei. Ninyi mnaonaje, aketi? Na wewe utakayeandika kwamba ni marufuku, nitajie aliyekataza, nimfuate nikamwulize yeye alikuwa wapi wakati mama ananilea.