Binti Yangu Arushwa Gredi

Mwalimu mkuu wa shule ya kibinafsi aliyosomea binti yangu hapa Kitale alikuwa mtu wa kufunga tai hata Jumamosi. Nilimdharau tangu siku aliponiita "mzazi mpendwa" huku macho yake yakiwa kwenye simu.

Binti yangu alikuwa anamaliza gredi ya kwanza. Alijua kusoma, sikatai. Alisoma magunia ya mbolea kwenye duka langu la pembejeo, akasoma mabango ya wanasiasa, hata maonyo kwenye chupa za dawa ya kupe. Lakini alikuwa bado analala na kidole mdomoni, na akinyimwa chai ya maziwa alilia mpaka anakwama pumzi.

"Mama, huyu tumrushe," mwalimu mkuu akaniambia ofisini. "Gredi ya pili ni kumpotezea muda tu, bana. Januari aingie ya tatu."

"Na wenzake je?"

"Si watamfuata pole pole?" Kisha akanionyesha ukutani mahali picha ya mtoto itakapotundikwa, wazazi wapya waione wakiingia. Hakuwa amemuuliza mtoto chochote, lakini mahali pa picha alikuwa ameshapachagua.

Mume wangu alifurahi kama aliyepandishwa cheo. Yeye mwenyewe alirudia darasa la saba, jambo ambalo kwao halitajwi. Krismasi tulipoenda kwao Mabanga, nje ya Bungoma, baada ya chakula alimsimamisha mtoto juu ya kigoda, akampa gazeti asome. Mtoto akasoma ukurasa wa kwanza bila kukwama. Mama mkwe akapiga vigelegele. Shemeji yangu, ambaye sijawahi kumwona na kitabu tangu atoke chuoni, akatingisha kichwa kama profesa: "Huyu ni daktari tayali. Tayali kabisa!"

Nikamuuliza mtoto, "Bajeti ni nini?"

Akafikiri. "Ni mtu?"

Nilidhani hilo lingetosha. Wakacheka, na mume wangu akanivuta kando. "Mbona unamvunja mtoto moyo mbele ya watu?" Basi nikashindwa, tena na watu ambao hata mmoja wao hakuwahi kumvalisha mtoto huyo sare asubuhi.

Januari akaingia gredi ya tatu. Dawati lilimfika kifuani. Mwalimu wa darasa alimgeuza kiboko cha kuchapia wengine: mtoto mkubwa akishindwa kusoma, binti yangu aliitwa mbele asome yeye, na yule aliyeshindwa akapigishwa magoti. Haya sikuambiwa na mtu yeyote wa shule. Nilichoona ni mtoto anayerudi nyumbani na sketi imechorwa kalamu, anayekataa uji, aliyeanza tena kukojoa kitandani. Nilipomwambia mume wangu, alisema ni baridi ya Kitale.

Halafu ikaja siku ya wazazi. Mwalimu mkuu akamwita mbele ya wote, akampa kitabu. Binti yangu akakitazama.

"Soma, mama," mwalimu mkuu akambembeleza.

"Sijui kusoma."

"Ati? Si jana ulisoma?"

"Sijui."

Watu wakaanza kunong'onezana. Mwalimu mkuu akatabasamu tabasamu la kuuza gari bovu, akasema mtoto ana homa.

Jioni, nikimwogesha, nilimsikia akisoma polepole maandishi ya kopo la mafuta ya kujipaka. Nikamuuliza kwa nini alidanganya shuleni.

"Nikijua, wengine wanapigishwa magoti," akasema. "Halafu hawataki kucheza na mimi."

Kesho yake nilimpeleka mwenyewe hadi mlango wa gredi ya pili. Sikuomba ruhusa ya mtu. Mwalimu mkuu akanikuta hapo, tai imenyooka. "Mama, watoto wengine huiva mapema halafu wanazima. Mimi nilikuwa na wasiwasi tangu mwanzo."

"Wewe?"

"Tangu mwanzo."

Nikafungua mlango, nikamwingiza mtoto. Mtu wa aina hiyo ukimjibu anadhani mnajadiliana.

Mume wangu naye hakuwa na ujasiri wa kuwaambia watu wake ukweli. Alipiga simu Mabanga akasema mtoto alishikwa na malaria iliyopanda kichwani, ndiyo maana amerudishwa nyuma kidogo. Mama mkwe akalia kwenye simu, akatutumia kuku ili mgonjwa apate supu. Kuku tulimchinja siku ile ile aliyofika, na mgonjwa akala mapaja yote mawili.