Mkwaju wa Bwana Pumzika

Mchimba makaburi wa mtaa ule alikuwa mtu mpole, na hilo ndilo lililowatisha watu. Siku moja alimwona mbeba magunia amelowa jasho, akamwambia kwa huruma, "Pumzika, ndugu yangu." Yule bwana akalitua gunia palepale, akaenda zake hospitali kupimwa presha. Tangu hapo mchimba makaburi akawa Bwana Pumzika. Watu walimsalimu kutoka ng'ambo ya barabara, na akiwauliza hali walijibu "Mzima!" kwa sauti kubwa kuliko swali lilivyohitaji.

Hakuwa na kinyongo. Alichokitaka mwaka ule kilikuwa kidogo tu: apatikane mtu mmoja wa kupokea mche wake.

Ilikuwa miche ya mkwaju. Mikwaju ya mtaani ilikwisha kukatwa zamani, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja kwa sababu nzuri. Uliobaki ulikuwa makaburini, kwa kuwa hakutokea mwenye shoka aliyethubutu kuuingilia. Kwa kifupi, wafu walikuwa na mazingira bora kuliko walipa kodi. Mbegu zake ziliota zenyewe kando ya makaburi. Bwana Pumzika akaing'oa miche taratibu na udongo wake, akaipanda kwenye pakiti tupu za maziwa na kuipanga barazani.

"Baba watoto," mkewe alimwambia, "wazo ni zuri. Ila mtu akigongewa mlango na wewe, umeshika udongo mkononi, atakusikiliza hadi mwisho?"

"Nitamwambia ni mti."

"Utamwambia ameshazimia."

Siku ya kupanda miti, kamati ya mtaa ilileta miche yake kama kawaida: ya kigeni, ya kupendeza, yenye majina marefu kuliko shina. Mashimo yalikuwa yale yale ya mwaka jana. Miche ya mwaka jana ilikauka humo ikiwa bado imevaa mifuko ya nailoni, maana mgeni rasmi hakupenda kuchafua vidole kuivua. Bwana Pumzika alisimama pembeni na toroli lake la pakiti za maziwa.

Mwenyekiti wa kamati akasogea hatua chache, akaona zinatosha. "Mzee wetu, hongera sana. Lakini hiyo ya... ya kule, tuiache huko huko. Watu watasema tunahamishia makaburi mtaani."

"Ni mkwaju tu, mwenyekiti. Hauna habari jirani yake alikuwa nani."

Watu walicheka huku wakirudi nyuma. Fundi cherehani alisema mlangoni kwake nafasi ipo, ila si ya kudumu. Mwenye duka alielekea kukubali, mkewe akamfinya. Bwana Pumzika akaligeuza toroli.

"We kaka, unakwenda wapi na mti wangu?"

Alikuwa muuza chai wa kona, mwanamke ambaye mdomo wake ulichemka kabla ya birika. Kibanda chake kilishinda juani.

"Dada, huo umetoka makaburini," fundi cherehani alimwonya.

"Najua ulikotoka. Mama yangu amelala chini ya mkwaju huo huo. Miaka yote yeye yuko kivulini, mimi nachomeka hapa kama hindi. Na mama hakuwa mchoyo. Lete!"

Bwana Pumzika akaligeuza tena toroli. Alishika jembe, akachimba kando ya kibanda kama alivyozoea maisha yake yote: kona zimenyooka, kuta zimesimama wima. Alipoinua kichwa, shimo lilikuwa limemfika kiunoni na watu wamelikodolea macho.

Muuza chai akachungulia. "Kaka, hili ni la mti au la mwenyekiti?"

Mtaa mzima uliangua kicheko, na safari hii hakuna aliyerudi nyuma. Mwenyekiti naye alicheka, kwa kuchelewa kidogo. Ikabaki kazi ya kulipunguza shimo, na mchimba makaburi hakuwa na uzoefu wa kufukia nusu. Fundi cherehani ndiye aliyeingia kumsaidia, mabega yakigusana, akinong'ona kuuliza kama pakiti nyingine imebaki.

Mche uliposimama, muuza chai aliumwagia maji aliyosuuzia vikombe. Kisha akammiminia chai Bwana Pumzika, naye, kwa mazoea, akaipokea na kwenda kuinywea kando.

"Unakwenda wapi tena? Njoo ukae hapa benchini," alisema muuza chai. "Pumzika."

Bwana Pumzika aligeuka nyuma kuona anaambiwa nani. Kisha akakaa.