Mchezo Ulionyamaza Nilipokaribia

Mpira wa mkanda wa mgodini, ule mweusi mnene unaobeba mawe ya shaba, una harufu yake ukipigwa na jua la mwezi wa kumi. Si harufu ya tairi wala ya kandambili mpya. Ni kitu kilicho katikati ya lami na yai lililochemshwa likasahauliwa, na kikilowa jasho la shingo ya mtoto kinaongeza chumvi juu yake. Naijua harufu hiyo kuliko ninavyojua harufu ya mboga za mama yangu, kwa sababu mwaka ule wa darasa la tano, hapa Kolwezi, kipande chake kilining'inia kifuani kwa waya wa umeme mpaka nikaanza kudhani nimezaliwa nacho. Kilikuwa na ukubwa wa kiganja. Ukiniuliza uzito wake nitakwambia kilo hamsini, na nikiapishwa mahakamani nitashuka hadi arobaini, lakini chini ya hapo sishuki.

Tulikiita sinyali. Sheria yake ilibandikwa mlangoni mwa ofisi, fupi na safi. Mwanafunzi yeyote akisikika uani akisema Kiswahili, Kiluba, Kilunda au lugha yoyote isiyokuwa Kifaransa, anavishwa sinyali. Ili aivue, amnase mwenzake katika kosa hilohilo na kumpeleka kwa mwalimu pamoja na shahidi mmoja. Kengele ya mwisho ikimkuta nayo, anafagia madarasa huku wenzake wakienda kula. Wahenga walisema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma, na kwa macho ule wetu ulikuwa na meno pande zote: mtoto wa karani, mtoto wa mchimbaji, mtoto wa muuza makaa, wote walikuwa sawa mbele ya kile kipande cha mpira. Hata mimi nilisomewa karatasi ile nikaona haina kasoro. Nilikuwa bado sijajua kwamba neno moja tu ndani yake, neno shahidi, lilikuwa limenifungia mlango.

Nilikuwa nimetoka Lubudi kwa treni, na begi moja na kuku mmoja wa zawadi, kuja kukaa kwa dada yake baba. Tantine, kama tunavyowaita huku, aliuza mabeseni sokoni. Aliondoka kabla ya jogoo kuamua kama kumekucha na kurudi miguu imevimba, hana nguvu hata ya kunigombeza. Kwa hiyo mtu wa kuongea naye pale nyumbani alikuwa yule kuku. Nilimweleza habari za Lubudi, za mama, za stesheni, naye akanisikiliza kwa jicho moja, mpaka Jumapili moja Tantine akamchinja. Siku hiyo nilipoteza rafiki na kushiba kwa wakati mmoja, jambo ambalo sitamani limpate mtoto mwingine. Kuhusu shule, Tantine aliniambia maneno yaleyale kila nilipolalamika: "Mwanangu, Kifaransa iko sawa bukari. Meza tu, usitafune sana. Tumbo njo itajua." Bukari ni ugali wetu, na kwa ugali maneno yake ni kweli tupu. Kifaransa kilikuwa na mifupa.

Niliingia uani siku ya kwanza na sentensi tatu za Kifaransa: habari za asubuhi bwana, nipo, na naomba ruhusa ya kutoka. Lakini mtoto aliyefunzwa adabu akimwona mtu mzima ulimi hutangulia akili. Nilimwona mlinzi wa lango nikamwambia, "Jambo, tata," yaani baba. Vumbi la viatu vyangu lilikuwa bado halijatua, na mvulana mmoja mrefu kama mlingoti alikuwa ameshanirukia, shahidi wake mkononi, akicheka kwa furaha ya mtumwa aliyeachwa huru. Akanivisha. Nikadhani ni namna yao ya kukaribisha wageni. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wahenga walisema, na yule mwenyeji kweli alipona.

Kufagia hakukuniuma. Lubudi nilifagia ua mkubwa kuliko nusu ya mkoa. Kilichoniuma kilikuwa nzango. Msomaji asiyeujua mchezo huu wa wasichana asikimbie: mistari miwili inakabiliana, kila upande unatoa mmoja, wawili hao wanaruka, wanapiga makofi, kisha kila mmoja anatupa mguu mbele. Miguu ikilingana, bao ni la upande huu. Ikipishana, ni la upande ule. Hakuna kiatu cha kununua, hakuna goli wala wavu. Vifaa vyake ni miguu na wimbo, kwa sababu wimbo ndio unaohesabu mapigo, na pasipo wimbo watu wanarukaruka tu kama wamekanyaga siafu. Nyimbo zote tulizozijua zilikuwa za Kiswahili na Kiluba. Wasichana wa darasa la tano waliziimba kwa sauti ya chini nyuma ya tangi la maji, mbali na ofisi, na walimu waliokaa kivulini hawakujisumbua kwenda kusikiliza, maana sheria ilikuwa imeshatuajiri sisi watoto kuwa polisi. Basi mimi, ambaye mguu wangu wa kushoto ulisifiwa Lubudi hadi stesheni ya pili, niliusikia wimbo, nikaufuata kama nzi anavyofuata muwa. Hatua chache kabla sijafika, ukakatika. Miguu ikasimama hewani. Wakaniangalia kifuani, si usoni. Nikarudi nyuma kidogo, wimbo ukaanza. Nikasogea, ukafa. Ningeweza kuuzima na kuuwasha siku nzima kama redio.

Mtasema, si ungemnasa mmoja uvue? Nilijaribu. Nilijificha nyuma ya tangi nikamsikia Chantal, msichana wa mstari wa mbele, akiimba waziwazi. Nikamkamata mkono mpaka kwa mwalimu. Mwalimu akauliza shahidi yuko wapi. Wasichana wote, waliokuwa wakiimba naye, wakasema kwa Kifaransa cha pamoja kwamba Chantal hajafungua mdomo tangu asubuhi. Asiye na wake ana Mungu, nami nikamwonyesha mwalimu mbinguni kwa kidole. Akatikisa kichwa: alitaka shahidi wa darasa la tano. Hapo ndipo nilipouona ule msumeno vizuri. Mwenye rafiki, akivishwa sinyali asubuhi, saa nne ameshaivua, kwa sababu rafiki atamshuhudia. Asiye na rafiki hana wa kumshuhudia, na kwa kuwa anayo sinyali, hatapata rafiki. Waliponisogelea walinisogelea kwa kimya, na waliponiita waliniita Lubudi, kana kwamba mama yangu alizaa mji.

Nikaamua kwenda kwa mkuu wa shule, Tata Direktere, mtu mpole mwenye miwani na suti iliyopauka mabegani. Nilitunga hotuba njiani, hotuba ambayo ingeangusha serikali. Nikabisha, nikaingia, nikaanza, "Tata, ile sheria ya sinyali..." Akainua kidole. "En français." Kwa Kifaransa, yaani, na hakusema kwa ukali. Alikuwa kama mtu anayemkumbusha mtoto kufunga mlango. Nikasimama pale na hotuba yangu yote ya Kiswahili tumboni, nikatafuta katika zile sentensi tatu ipi inaweza kuibeba. Mwishoni nikasema ile ya tatu: naomba ruhusa ya kutoka. Akatabasamu, akanisifu kwa matamshi, akanipa ruhusa. Nikatoka. Hivyo ndivyo malalamiko yangu yalivyosikilizwa, na sijui mpaka leo kama niliwahi kutembea uwanja mrefu kama ule, kutoka ofisini hadi ukuta wa mwisho wa ua, nilipozoea kusimama peke yangu.

Ukutani ndipo nilipojifunza kucheza na kivuli changu. Naruka, napiga makofi, natupa mguu, nacho kinatupa. Kila siku miguu yetu ililingana. Kivuli hakina ujanja. Nilikuwa katika kazi hiyo, midomo ikiimba bila sauti, niliposikia mtu nyuma yangu, kwa Kiswahili, bila kunong'ona.

"We, Lubudi! Unashindwa na kivuli yako?"

Alikuwa Mwamini, kapteni wa wasichana wa nzango, binti wa mwenye malori aliyetokea mashariki, mweusi wa kung'aa, kitambaa cha kichwani kimefungwa nyuma ya masikio. Niliendelea kuruka. Nilijua mtego nikiuona.

"Ongea basi. Ao ulimi ulibakia kwa treni?"

"Mi niko na sinyali," nikamwambia. "Nikikushitaki, utaambia batu mi niko muongo."

"Kwanza unaruka mubaya. Goti inatangulia. Pili, leta hiyo kintu ya shingoni."

Akanivuta mkono hadi kwa mwalimu, akasema kwa Kifaransa kilichopigwa pasi kwamba yeye mwenyewe amezungumza Kiswahili, tena sana. Mwalimu akauliza shahidi ni nani. "Mimi," akasema. Mwalimu akatazama juu, akatazama chini, akaitafuta sheria hewani. Hakuna aliyekuwa amefikiria kwamba mtu angejishitaki mwenyewe. Sinyali ikahama.

Nilikimbia nyuma ya tangi shingo ikiwa nyepesi hivi kwamba nilihofia upepo ungenichukua. Wakanipa nafasi mstarini. Nikaruka, nikamshinda wa kwanza, wa pili, wa tatu, mguu wa kushoto ukifanya miujiza iliyopaswa kuandikwa magazetini. Kisha wimbo ukakatika katikati ya neno. Mwamini alikuwa anakuja, sinyali kifuani, akicheka.

"Kapteni, baki kule kule," Chantal akamwambia kwa Kifaransa. "Sheria ni sheria."

Akabaki. Akaegemea ukuta, pale pangu, akaanza kuchunguza kucha zake kama mtu aliyependa mwenyewe kusimama hapo. Wimbo ukarudi. Niliutamani wimbo ule wiki nyingi, na sasa ulikuwa kinywani mwangu, na kila nilipotupa mguu nilimwona yeye akitazama kucha. Nikakosa bao. Nikakosa lingine. "Wa Lubudi anachoka mbio," mmoja akasema, nami nikatoka mstarini nikaenda ukutani. Nikasimama mbele ya Mwamini nikasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kuitia treni: "Goti yangu haitangulii."

"Inatangulia," akasema. "Onyesha."

Kuanzia hapo sinyali ilikwenda na kurudi kati yetu wawili, kila mmoja akijishitaki kwa zamu, mpaka tukaacha kuhesabu iko kwa nani. Tulicheza nzango ya watu wawili, mistari yenye mtu mmoja kila upande, tukaimba kwa vifua vyetu vyote, kwa kuwa mwenye sinyali hakuwa na la kupoteza na mwenzake hakuwa na wa kumshitaki. Wengine walinyamaza tulipopita. Uwanja mzima wa shule ya Kifaransa, na wimbo pekee uliosikika ulikuwa wetu. Sitasema tulikuwa na furaha kila siku. Mara nyingi tulitazama kule kwenye tangi, na yeye, aliyekuwa na kundi kabla yangu, alitazama zaidi.

Mvua za mwezi wa kumi na mbili zilinyesha kama ahadi za wagombea, nyingi kuliko ardhi inavyoweza kubeba. Njia zikawa uji mwekundu. Baba yake Mwamini akahamishia malori yake mji wa Fungurume, kulikokuwa na kazi, na familia ikapanda lori juu ya magodoro Jumapili moja bila mimi kujua. Jumatatu nilimsubiri ukutani. Jumanne nikamsubiri. Sinyali ilikuwa kwangu. Chantal alinionea huruma, nadhani, kwa sababu alikuja karibu kuliko kawaida na kuniambia kwa Kifaransa kwamba kapteni amehama. Nilimwelewa kila neno. Ndiyo ilikuwa sentensi yangu ya kwanza kamili ya Kifaransa kuielewa bila kutafsiri, na ningefurahi kubaki mjinga.

Sinyali niliivaa hadi mwaka ulipokwisha. Na kwa kuwa mtu asiyezungumza na yeyote ana muda wa kusikiliza, Kifaransa kilinijaa kama maji kwenye mtumbwi uliotoboka. Siku ya matokeo Tata Direktere alinisimamisha mbele ya wazazi, akasema haya ndiyo matunda ya sinyali. Tantine akapiga makofi kwa mikono yake yote ya mabeseni, hajui anapigia nini. Watu wengine, nikisimulia, husema hivyohivyo: si ulijifunza lakini? Nilijifunza. Mtu akifungiwa ndani ya nyumba ya jirani atajua kila ufa wa dari, ila huyo si mgeni aliyekaribishwa. Miaka baadaye, nikiwa mama wa mtu, nilimalizia masomo katika shule ya jioni, na mwalimu wetu wa fizikia, akituona tumechoka, alieleza kwa Kiswahili kisha akaandika kwa Kifaransa. Tukafaulu. Dari haikutuangukia.

Juzi nilimpelekea binti yangu sweta aliyoisahau. Shule yake haina sinyali. Mkuu wake ni mama kijana, na sheria zake ziliandikwa baada ya kuwasikiliza wajumbe wa wanafunzi. Mtoto mwenye neno analisema kwa lugha aliyonayo. Niliingia wakati wa mapumziko, na kelele zilikuwa tamu kiasi cha kunitoa machozi: Kifaransa, Kiswahili, Kilingala, wasichana wakiruka nzango katikati ya ua mchana kweupe. Kisha, karibu na bomba, nikaona msichana mmoja amesimama peke yake. Nilimtazama kifuani kwa mazoea. Hakuwa na kitu.

"Ule ni nani?" nikamwuliza binti yangu.

"Ni mugeni, mama. Alitokea Kasaji."

"Anaitwa nani?"

"Sijue."

"Nani alimukataza kucheza?"

Binti yangu akanishangaa. "Hakuna mutu alimukataza."

Nilibaki na sweta mkononi. Enzi zangu nilikuwa na karatasi mlangoni ya kuilaumu, na mpira na waya, na mtu mpole mwenye miwani. Hapa kila kitu kilikuwa haki, na mtoto alikuwa amesimama palepale. Nikampa binti yangu sweta na mkoba, nikavuka ua, mama mzima mwenye uzito ninaoukanusha, nikavua viatu mbele ya walimu. Yule wa Kasaji akanitazama kama mtu anayeona lori lililokatika breki likija upande wake. Nikapiga makofi mara mbili, nikaruka. Hakuruka. Nikapiga tena, nikaanza kuimba, na watu wakaanza kucheka, na mguu wake wa kulia, taratibu, ukaanza kugonga chini.